Usimfanye mjane asimulie kifo ili mtoto apate karo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa koplo mstaafu wa Webuye. "Mama, habari za Lanet. Nasikia mnasomesha watoto wa wanajeshi. Nami nataka kuanzisha kitu kama hicho huku kwetu, mayatima wa wenzangu ni wengi. Nianzie wapi? Na wafadhili mnawatoa wapi?" Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likaisha. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa na wengi, kwa hivyo nayajibu hapa kwa urefu.

Mimi ni mke wa sajini mstaafu. Nimelea wanangu ndani ya kambi za jeshi hapa Nakuru, Gilgil kwanza, kisha Lanet. KDF, yaani jeshi letu la Kenya, ilipoingia Somalia Oktoba 2011, mume wangu hakuwa kwenye kundi la kwanza, lakini zamu yake ilifika. Mke wa askari aliye mpakani halali simu ikiwa mbali na mto. Halafu ikaja Januari 15, 2016, al-Shabaab walipovamia kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, wakaua wengi. Wengi wa vijana wale walikuwa wametoka Moi Barracks, Eldoret, na watu wakadhani sisi wa Nakuru tulikuwa tunaomboleza watu tusiowajua. Si kweli. Askari huhamishwa. Mwanamke aliyekuwa jirani yako Gilgil, mliyeazimana sufuria, mwaka unaofuata yuko Eldoret. Majina yalipoanza kufika, tulikuwa tunayajua kwa majina ya watoto wao.

Kambini nyumba ni ya askari. Akishazikwa, familia hupewa muda, kisha inafungasha. Mama anarudi kwa wakwe Lugari au Mumias, mtoto anatolewa shule katikati ya mwaka, na mafao bado yanasubiri barua ya chifu na kesi ya mirathi. Hapo katikati ndipo masomo hukatika. Chama chetu cha akina mama kilikuwa cha kununuliana vyombo. Tukasema vyombo vingoje, pesa hizi ziende kwa karo. Ndivyo tulivyoanza, wala hapakuwa na mfadhili.

Kwa hivyo koplo wangu, jibu la swali lako la pili ni hili: usianze kwa kutafuta mfadhili. Anza na wenzako mliostaafu pamoja, hata kama ni mia mbili mia mbili kwa mwezi. Mfadhili akija akukute unafanya kazi, maana akikukuta huna kitu, yeye ndiye atakayekuamulia kazi iwe ya namna gani.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Kampuni moja, siitaji, ilikuja na ahadi ya kulipia watoto wetu wote mwaka mzima. Tulifurahi sana. Kisha wakaleta sharti lao. Iandaliwe hafla hotelini hapa Nakuru, iwepo ile hundi kubwa ya kushikwa na watu wanne, na kila mjane asimame mbele ya kamera aeleze mumewe alikufaje. Watoto wasimame nyuma yake wakiwa na sare. Nilikataa. Wenzangu wawili kwenye kamati walinikasirikia, mmoja akaniambia ninajifanya mkubwa kwa pesa zisizo zangu. Kampuni ikaondoka, na mwaka ule tuliwaambia watoto kadhaa kwamba hatuna nafasi. Bado linaniuma. Lakini wakirudi leo na sharti lile lile, jibu langu ni lile lile.

Nitakueleza kwa nini. Mwaka uliotangulia, mama mmoja alikuja nyumbani kwangu kutoka Kakamega kuombea kijana wake nafasi. Alikuwa na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla hata sijamkaribisha chai, alianza kupanga karatasi mezani, moja moja, zikiwa zimenyooka: cheti cha kifo, kitambulisho, barua ya chifu, cheti cha ndoa, nakala ya kadi ya jeshi. Kisha akaanza kusema, macho yakiwa ukutani. Jina la marehemu. Namba yake ya jeshi. Tarehe. Mahali. Alivyopatikana. Alisema bila kutua na bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, maana alikuwa ameyasema kwenye kila ofisi ya basari aliyoingia. Nikamshika mkono. Nikamuuliza, "Mama, kijana anapenda somo gani?" Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mwishowe akasema, "Anapenda kuchorachora. Mwalimu anasema ni uchoraji wa ramani za nyumba." Tukaongea kuhusu kijana mpaka jioni.

Tangu siku hiyo fomu yetu ni ukurasa mmoja, na haina pahali pa kueleza kifo. Inauliza shule, salio la karo, nani anaishi na mtoto, na mtoto anataka nini. Basi.

Wako watakaokuambia bila ushahidi utatapeliwa. Ushahidi ni muhimu, lakini utafute kwa mwalimu mkuu na kwa chifu, usiutoe kwenye koo la mjane. Tena ukisisitiza cheti cha kifo utafunga mlango kwa wanaouhitaji zaidi. Kuna familia ambazo mtu wao hakuonekana tena baada ya vita. Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa akikosa kusikika kwa miaka 7. Mtoto wa darasa la nne mwili wa babake ulipokosekana atakuwa anakaribia kumaliza sekondari kabla cheti hakijapatikana. Utamwambia arudi akiwa na karatasi?

Kuna pia waliorudi wakiwa hai. Mguu umebaki huko, au mwili ni mzima lakini mtu hawezi kukaa chumba kimoja na redio. Mke wake hana jina la mjane, hakuna anayemchangia, na karo inamsumbua vile vile. Mpokee. Familia ya mwanajeshi ni ile iliyobeba mzigo wa jeshi, usiihesabu kwa makaburi.

Jambo lingine ambalo wa magharibi mnalijua kuliko mimi: siku ya mazishi hutokea mke wa pili. Usiingie kwenye ugomvi wa boma. Unasomesha mtoto, huamui nani alikuwa mke halali. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba kinatosha, na watoto wa nyumba zote mbili wakae kwenye orodha moja.

Na vyeo, ndugu yangu. Vyeo vya waume huwafuata wake mpaka kwenye mkutano wa kamati. Mke wa meja akizungumza, wake wa makoplo hutazama sakafu. Ondoa cheo kwenye fomu. Ondoa hata jina, mpe kila mtoto namba, ndipo kamati ikae.

Pesa ilipe moja kwa moja kwa akaunti ya shule, upate risiti. Usimpe mjomba, usimpe mtu yeyote wa kupeleka. Na ilipe mapema. Shule za kitaifa zimekuwa zikitoza Sh53,554 kwa mwaka, na nusu nzima, yaani Sh26,777, hudaiwa muhula wa kwanza. Muhula wa pili ni asilimia 30, wa tatu 20. Basari za NG-CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, na za kaunti ni baraka, lakini mara nyingi hundi hufika mtoto akiwa ameshatumwa nyumbani. Kwa hivyo pesa yako iwe ya Januari, basari zijazie baadaye. Ninarudia: pesa yako iwe ya Januari.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla hujatumia taarifa za mtoto. Mjane mwenye deni la karo hawezi kukukatalia, kwa hivyo ndiyo yake hapo si idhini. Sisi hatupigi kabisa. Mfadhili tunampa risiti na matokeo ya mitihani bila majina, na anayetaka zaidi ya hapo hatafuti elimu ya mtoto, anajitafutia sifa. Enyi mnaotoa, toeni kwa heshima! Baba yule hakwenda vitani ili mwanawe awe mapambo ya kalenda yenu.

Msichana wetu wa kwanza amemaliza uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, mwaka jana. Mshahara wake wa kwanza ulipoingia alitutumia Sh500 kwa M-Pesa, na sasa hutuma kila mwezi, hata kabla hatujamkumbusha. Pesa zake ziko kwenye hesabu moja na za wastaafu wa Lanet na Gilgil, na wafadhili wawili waliokubali masharti yetu.

Koplo, mwaka wa kwanza usichukue watoto wengi kuliko utakaowafikisha mwisho. Ukianza na wawili wa gredi ya kumi, hesabu miaka mitatu ya kila mmoja kabla hujampokea wa tatu. Tafuta mhasibu mstaafu akushikie vitabu, awe mtu asiye na mtoto kwenye orodha. Fomu yetu nitakutumia, ibadilishe jina la kaunti uitumie. Ukikwama na chifu wa huko, nipigie jioni.