Fundi, ninunue fayawoli ya laki saba?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga, nina wapangaji wawili uani. Mwaka jana nilivuta intaneti ya faiba, halafu fundi mmoja akanifungia kamera nne ili nikienda kwa binti yangu Dodoma niione nyumba kwenye simu. Sasa kijana wa duka la kompyuta ananiambia nyumba yangu iko wazi mtandaoni, eti ninunue kifaa cha fayawoli cha shilingi laki saba. Pensheni zetu mnazijua. Ninunue?
Mwalimu Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hiyo laki saba kaa nayo. Fayawoli, yaani kinga inayochuja kinachoingia kutoka mtandaoni, unayo tayari, imo ndani ya ruta uliyofungiwa na watu wa faiba. Kompyuta yako ikiomba ukurasa, ruta inaweka kumbukumbu ya ombi hilo, na jibu likirudi inalipitisha. Kinachokuja bila kuitwa na mtu wa ndani hakina kumbukumbu, kwa hiyo kinaachwa hukohuko nje.

Kinachonipa wasiwasi ni zile kamera. Mafundi wengi, ili mteja aone picha akiwa mbali, hutoboa tundu kwenye ruta: wanaielekeza kwamba yeyote atakayebisha kwenye mlango wa namba fulani apelekwe moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia. Picha ikionekana kwenye simu, fundi analipwa, anaondoka. Tundu linabaki, na mashine bado inatumia "admin" na nenosiri la kiwandani.

Wanaotafuta matundu hayo hawakujui na wala hawana haja ya kukujua. Wameachia programu inayobisha anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60 tu, basi. Ilijikusanyia kamera, mashine za kurekodia na ruta za watu kwa malaki, na tarehe 21 Oktoba jeshi la aina hiyo likaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta zilipo tovuti, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wengi wa wenye kamera hawakuhisi lolote. Picha ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Kwa hiyo jioni moja kaa na ruta yako. Igeuze, chini ina stika yenye anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye brauza ukiwa umeunganishwa na waifai ya nyumbani. Hapa wengi hujichanganya: nenosiri la waifai ni moja, na la kuingilia kwenye ruta yenyewe ni jingine. Watu hubadilisha la kwanza wakadhani wamemaliza. Badilisha yote mawili, uyaandike kwenye daftari. Daftari la kabatini halidukuliwi kutoka ng'ambo.

Ukiwa humo ndani tafuta palipoandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server". Ukikuta mstari wenye namba kama 8000, 554 au 37777, huo karibu hakika ni wa kamera, ufute. Kisha zima UPnP, maana ikiwa hai mashine ya kamera inaweza kuiomba ruta ifungue tundu lilelile tena, na ruta ikakubali bila kukuuliza. Zima pia WPS, ile ya kubonyeza kitufe ili kifaa kiunganike. Mbali na kitufe, WPS ina namba ya siri ya tarakimu nane, lakini tangu 2011 inajulikana kwamba inakaguliwa nusunusu, hivyo mwizi anahitaji kujaribu mara zisizozidi 11,000 badala ya mamilioni.

Baada ya hapo huenda kamera zisionekane ukiwa Dodoma. Mwite fundi aziunganishe kupitia programu ya simu ya kiwanda chenyewe, ambayo haihitaji tundu, na akiwa hapohapo abadilishe nenosiri la mashine mbele yako. Njia hiyo nayo ina kasoro zake, kwani unakiamini kiwanda, lakini kwa nyumba yako ni nafuu kuliko mlango ulioachwa wazi.

Wapangaji wawekee mtandao wa wageni, wenye nenosiri lake. Watapata intaneti, ila kompyuta yako na kamera hawatazifikia. Akihama mmoja, unabadilisha hilo tu.

SWALI: Nilizima fayawoli ya Windows ili printa ya waifai ionekane. Ina madhara?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Iwashe leo. Ruta inazuia wa nje tu. Mgeni akija kwako na laptopu yenye virusi, fayawoli ya kompyuta ndiyo iliyobaki kati yenu. Huenda printa ilijificha kwa sababu ulipounganisha waifai, Windows iliuhesabu mtandao wako kuwa wa hadharani. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua "Private" badala ya "Public", kisha tafuta printa upya. Ukibeba kompyuta kwenda hotelini au kituo cha basi, huko acha "Public".