Jibu la msomaji: Muulizeni kwanza alipanda meli mwaka gani

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: wazee wawili wa Kituruki wanasimulia Vita vya Korea, na masimulizi yao hayafanani hata kidogo. Tumwamini nani?

Anzeni na mwaka wa meli. Brigedi ya kwanza ya Uturuki, watu wapatao 5,000 chini ya Jenerali Tahsin Yazıcı, waliopigana upande wa Umoja wa Mataifa, iliondoka bandari ya İskenderun mwishoni mwa Septemba 1950 na kushuka Busan, bandari ya Korea Kusini, katikati ya Oktoba. Baada ya hapo brigedi zilipokezana karibu kila mwaka. Wa 1950 atasimulia theluji, kurudi nyuma na singe. Aliyefika 1952 atasimulia mahandaki, na usiku wa Mei 1953 kwenye vilima vya Vegas na Elko. Wote wakweli, ila ni kama walipigana vita viwili.

Halafu majina ya mahali. Kunu-ri, walikopigana mwishoni mwa Novemba 1950, iko Korea Kaskazini na siku hizi ramani huandika Kaechon. Kumyangjang-ni, ya Januari 1951, iko kusini ya Seoul. Kote kuwili singe zilitumika, ndiyo maana mzee wa miaka tisini huyachanganya. Msimbishie jina, muulizeni: mlikuwa mnasonga mbele au mnarudi nyuma? Akisema kurudi, huenda ni Kunu-ri.

Pa kuangalia sana ni anaposema adui alikuwa nani. Brigedi ilipotumwa mashariki ya Kunu-ri kuelekea Tokchon, ilipambana na kundi la watu pale Wawon, ikatangaza ushindi na kuonyesha mateka. Taarifa za Kimarekani zinasema mkalimani alipowahoji mateka, walikuwa Wakorea Kusini, washirika wao wenyewe, waliokuwa wakikimbia Wachina, yaani adui. Sababu si uzembe: amri zilipita kwa Kiingereza, maofisa wachache waliielewa lugha hiyo, na askari wa Anatolia aliyefika mwezi uliopita angemtofautishaje Mkorea na Mchina gizani? Aliyekuwa mstari wa mbele akaondoka na picha ya ushindi tu. Mzee huyo hamdanganyi mtu. Wachina wenyewe walikuja baadaye, wengi mno.

Mambo ya tumbo, kwa upande mwingine, mimi nayaamini kuliko yote. Mzee akisema makopo yalirudishwa kwa sababu ya nyama ya nguruwe, au kwamba walidai mkate mzito na kahawa kali mpaka Wamarekani wakawapangia posho yao, andikeni kama alivyosema. Hayo yamo hata katika kumbukumbu za jeshi.

Akitaja rafiki aliyekufa, yaani şehit, ambalo ni shahidi letu hilihili kwa maana ya aliyekufa vitani, andikeni jina kamili, kijiji na mwaka. Waturuki 462 wamezikwa katika makaburi ya Umoja wa Mataifa Busan, na majina yao yanaweza kutafutwa. Asipopatikana humo, msiseme mzee kakosea: wengi wa Kunu-ri waliachwa kwenye theluji.