Usichomeke hiyo jeki kabla hujaipima!

Mdogo wangu wa Mitwero, acha kwanza. Umeandika una kikokotoo cha TI-84 Plus, unataka kiwashe pampu ya kumwagilia kitalu cha mikorosho kwa rilei (swichi inayovutwa na koili ya umeme), umeme utoke kwenye betri ya pikipiki, na unauliza waya gani, programu gani, jeki uipate wapi. Hapo kwenye betri ya pikipiki ndipo nilipolia mimi.

Yangu ilikuwa TI-83 Plus, kaka aliniachia alipomaliza chuo. Nilikuwa Chikongola, nataka iwashe taa ya stoo ya babu. Nikampelekea fundi redio mmoja niliyemwamini kuliko daktari. Akachungulia lile tundu la chini, akasema, "Hilo la kusikilizia tu, halina umeme, we unga." Bado linaniuma. Kama hujui, sema hujui, mtoto wa mwenzio aende kuuliza kwingine!

Lile tundu la milimita 2.5 si la kusikilizia. Jeki yake ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Shina ndiyo hasi. Ncha na pete kikokotoo chenyewe kinazishikilia juu, na kwenye TI-83 Plus ni kama volti 5. Kuongea kwake ni kushusha: ukituma 0 unaivuta ncha iende hasi, ukituma 1 unaivuta pete, na anayepokea anaitikia kwa kuushusha ule waya wa pili. Hakuna hata sehemu moja unapotakiwa kukisukumia umeme ndani.

Sasa mimi nilifanyaje? Koili ya rilei, upande mmoja nikaupeleka chanya ya betri, upande wa pili kwenye pete, nikidhani kikokotoo kitaivuta kama swichi. Volti 12 zikapita kwenye koili zikaingia moja kwa moja. Kioo kikatoa mistari meusi kutoka juu, mmoja baada ya mwingine, kikawa cheupe. Nikabadilisha zile betri nne za AAA mara tatu. Nikakiweka juani. Babu akaniuliza, "Kimelala?" Nikashindwa kumjibu. Na pikipiki ikiwa inaunguruma, betri hiyo inafika volti 14, kwa hiyo chako kitaenda haraka kuliko changu.

Weka Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta unachokipangia programu, katikati. Pini zake mbili ziende ncha na pete, hasi na hasi zikutane, na pini ama ishushe ama iachie, isisukume juu kamwe. Rilei iendeshwe na transista, yaani swichi ndogo inayoamriwa na pini, na dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ilale juu ya koili. Ukiweza kupata optokapla, kile kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana, upande wa pampu usiguse huku kabisa.

Halafu hili ndilo ninalokuomba kuliko yote: kabla ya kuchomeka, jeki ikiwa mkononi, washa kila kitu, pampu ikimbie. Mita ya kupimia volti iwe kwenye DC, waya mweusi kwenye shina, mwekundu kwenye ncha, kisha kwenye pete. Zima pampu, pima tena. Ikizidi volti 5 hata kidogo, rudi kwenye nyaya zako.

Pima leo usiku uniandikie hapa namba mbili, ya ncha na ya pete. Mpaka nikujibu, kikokotoo kikae kabatini.