Kabati la ukutani: mafundi wawili, bei mbili

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Tabata, Dar es Salaam. Nataka kujengewa kabati la nguo la ukutani chumbani kwetu. Ukuta una upana wa sentimita 270, na kutoka sakafuni hadi dari ya jipsamu ni 285. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alitazama tu, akataja bei na kuomba nusu ya hela siku hiyo hiyo. Wa pili alitaja zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nimchukue yupi, na nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Usimchukue yeyote kwa sasa. Kila mmoja amepigia hesabu kabati lililo kichwani mwake. Mmoja huenda anawaza bodi nyembamba na misumari, mwenzake bodi ya milimita 18 na bawaba nzuri. Hadi utakapokuwa na mchoro mmoja wa kuwapa wote wawili, bei zao hazilinganishiki.

Ila hata kabla ya mchoro, hilo bafu limenishtua. Kata kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Fanya hivyo sehemu ya chini, karibu na sakafu, na sehemu inayotazamana na bomba la kuogea. Ukibandua ukakuta matone upande ulioegemea ukuta, kuna maji yanapenya. Muite fundi bomba kwanza. Ukijenga kabati juu ya ukuta wa namna hiyo, ndani ya masika moja nguo zitaota ukungu na mgongo wa kabati utavimba, na hapo hakuna seremala atakayekusaidia ila kubomoa. Nimebomoa makabati mazuri kabisa kwa sababu hiyo, na inauma, maana mwenye nyumba alishalipa kila kitu. Hata ukuta ukiwa mkavu, mwambie fundi aache nafasi ya sentimita 2 nyuma ya kabati hewa ipite.

Sasa mchoro. Karatasi ya daftari inatosha. Toa nguo zenu zote, zipange kitandani, uone zipi hutundikwa na zipi hukunjwa. Kanzu na magauni marefu yanataka sentimita 150 hivi kutoka kwenye bomba la kutundikia kwenda chini. Mashati yanatosheka na 90 hadi 95, kwa hiyo mabomba mawili yanaweza kupandana. Hanga la kawaida lina upana wa sentimita 45 hivi na mabega ya koti huzidi hapo, ndiyo maana kina cha kabati hakipungui 60. Pima pia kutoka ukutani hadi kitandani: toa 60 za kabati, toa 45 za mlango ukifunguka, kisha uone kama wewe mwenyewe unapata pa kusimama.

Kwa ukuta wako ningegawa masanduku matatu ya sentimita 90, kila moja kimo cha 200, na juu yake masanduku mengine ya 40 ya mabegi ya safari na mablanketi. Milango, miwili kwa kila sanduku, ikatwe vivyo hivyo, kwani mlango mmoja mrefu wa bodi hupinda. Vipimo hivi nimevichagua makusudi. Bodi ya MDF, yaani ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ina sentimita 122 kwa 244. Ukiipasua katikati unapata mbavu mbili za 60 kwa 200, na kinachobaki kinatoa mbavu mbili za sanduku la juu. Bodi tatu zinamaliza mbavu zote, tatu nyingine zinamaliza milango yote. Pamoja na shelfu na droo, mimi napata bodi 12 hivi za milimita 18, bila kuhesabu za mgongo ambazo ni nyembamba. Bawaba ni 36: nne kwa kila mlango mrefu, mbili kwa kila mfupi. Fundi akikuletea orodha ya bodi 18, muulize zinakwenda wapi. Akileta 8, muulize vilevile.

Shelfu ya sentimita 86 (90 kutoa unene wa mbavu mbili) ikibebeshwa vitenge vilivyokunjwa itapinda, kwa hiyo sanduku la shelfu litiwe kigawanyo katikati.

MDF ikinywa maji huvimba na hairudi. Sisi hapa tunadeki kila siku, basi usikubali kabati likae sakafuni. Jenga kitako cha zege cha sentimita 10, ukivalishe marumaru kama sakafu, kabati likae juu yake. Marini bodi, yaani plaiwudi ya kuhimili maji, huvumilia unyevu zaidi lakini bei yake iko juu. Mninga ni mzuri sana, ila kwa kabati zima la ukutani ningeuacha kwa milango tu, tena uwe umekauka vizuri.

Ukishakuwa na mchoro, waite tena hao wawili, na ongeza wa tatu, hata ukimtafuta Keko, kwenye maseremala wengi hapa Dar. Omba kila mmoja akuonyeshe kabati alilojenga ambalo limeshapita masika mawili. Fungua milango, tazama chini, shika kingo: zimefunikwa utepe wa plastiki au bodi iko wazi? Muulize anavyounga MDF. Anayejua kazi atakwambia anatoboa kwanza ndipo anatia skrubu, maana ukingo wa bodi ukilazimishwa hupasuka.

Hela ya vifaa isipite mkononi mwa fundi. Nendeni dukani pamoja, lipa wewe, risiti ibaki kwako, na bodi zikatwe kwa mashine hapo hapo kama duka linayo. Ya ufundi igawe: sehemu ndogo bodi zikishafika nyumbani, kubwa zaidi masanduku yakisimama na kupimwa kwa pima maji, na iliyobaki wiki moja baada ya milango kufungwa. Andikianeni, kila mtu aweke namba yake ya kitambulisho. Hiyo wiki moja ishikilie hasa, kwa kuwa milango mipya hushuka kidogo ikianza kutumika, na fundi ambaye bado ana hela yake kwako atarudi na bisibisi kuikaza bawaba.