Ukianza kusoma ulinzi wa alama maarufu za biashara, anzia hapa

Nyie mnaoingia kwenye sheria ya alama za biashara ya Marekani, mkifika kwenye majina makubwa wekeni pembeni lile swali la kama mteja kachanganya bidhaa ya huyu na ya yule. Mteja anaweza kujua fika kwamba kiduka hakihusiani kabisa na kampuni kubwa na bado kesi ikawepo, maana hapa kinacholindwa ni nguvu ya jina lenyewe, lisifishwe makali wala lisichafuliwe.

Kesi ya kusoma taratibu ni ya Victoria's Secret, kampuni kubwa ya nguo za ndani za wanawake. Mwaka 1998 mtu na mkewe huko Kentucky walifungua duka la nguo za ndani na vifaa vya mapenzi wakaliita Victor's Secret, kanali mmoja wa jeshi akaona tangazo, akachukia, akalituma kwa kampuni. Wakabadilisha ikawa Victor's Little Secret lakini wapi, wakashtakiwa tu, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na 2003 majaji wakasema lazima uonyeshe jina limeshaumia kweli, na yule kanali hasira zake zote zilikuwa kwa lile duka, Victoria's Secret yenyewe aliiona vilevile kama zamani. Hapo rudieni kusoma jamani, jina kukumbushwa ni kitu kimoja na jina kuumia ni kingine.

Kongresi ikabadilisha sheria 2006, sasa uwezekano wa kuumia unatosha, na 2010 wenye duka wakashindwa kwenye rufaa. Kwa hiyo hukumu yoyote ya kabla ya 2006 icheki vizuri kabla hujaitegemea. Ila sheria hiyohiyo ilibana upande wa umaarufu, jina lijulikane sana kwa wanunuzi wa kawaida nchi nzima, kujulikana kwa watu wa fani moja hakutoshi, na hapa ndo wengi wanarukaga, mtu anajaza kurasa za madhara wakati umaarufu hajauthibitisha.

Kuhusu utani, yaani kuigiza jina kubwa kwa kuchekesha, kuweni makini mno. Midoli ya mbwa ya Chewy Vuiton iliishinda Louis Vuitton, kampuni ya mikoba ya kifahari, 2007, lakini sio kwamba utani ni msamaha wa moja kwa moja, mahakama iliupima tu pamoja na vigezo vingine. Halafu 2023 kwenye kesi ya whisky ya Jack Daniel's na mdoli wa mbwa wa Bad Spaniels unaoigiza chupa yake, Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba ukiufanya utani kuwa alama yako ya kuuzia, msamaha ambao sheria inautoa kwa utani huupati.