Tairi za lami na changarawe: angalia meno, kisha tarehe

Ndugu, nimekuelewa: Mombo hadi Lushoto unapanda na pikipiki kwa lami, kisha changarawe mpaka kijijini, na tairi ya nyuma inateleza. Usinunue yenye meno marefu ya matope. Kwenye kona zile zikilowa mvua, meno yanapinda, nayo huisha haraka. Chukua ya meno mapana ya wastani, saizi ileile iliyoandikwa ubavuni.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Niliwahi kuuziwa “mpya” yenye miaka 7; ilipasuka ubavuni nikiwa na abiria.

Upepo usipunguze sana, tyubu itabanwa na rimu. Usukani ukitikisika, fundi akague beringi na spoku kwanza, usipakie mtu.