Maswali na Majibu: Machaguo ya Kweli na ya Pambo katika Gemu za Hadithi

Barua za safari hii zimeelemea gemu za hadithi, zile ambazo unasoma kipande, unachagua mhusika afanye nini, kisha unaendelea kusoma.

Nilirudia gemu moja kwenye simu nikichagua kinyume cha nilivyochagua mwanzo. Mwisho ukawa ule ule. Je, tunadanganywa? (Msomaji, Kisauni)

Wakati mwingine ndiyo, ila mwisho kuwa mmoja peke yake si udanganyifu. Piga hesabu. Hadithi yenye hatua kumi, kila hatua na machaguo mawili, na njia zisikutane tena, inataka miisho 1,024. Hakuna mwandishi atakayeiandika yote vizuri, na wewe utasoma mmoja tu. Kwa hiyo wengi huziacha njia zitengane kwa muda, kisha wanazikutanisha kwenye tukio ambalo kila mchezaji atalipitia. Anayetoka Tudor na anayetoka Majengo wakienda Diani watakutana kivukoni Likoni (ukiwatoa wanaozungukia Dongo Kundu), lakini kila mmoja kaja na mzigo wake na aliyefuatana naye. Huo mzigo ndio wa kuutazama.

Chukua The Walking Dead, gemu ya kampuni ya Telltale, ya mwaka 2012. Katika sehemu ya kwanza unamwokoa mmoja wa wenzako wawili, Doug au Carley. Mmoja akipona, mwingine anakufa. Sehemu ya tatu, uliyemwokoa naye anauawa, awe nani. Wako wanaosema basi chaguo lile lilikuwa bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Katikati hapo umeishi na mtu mwingine kabisa, mazungumzo yamekuwa mengine, na unajua fika nani uliyemwacha.

Udanganyifu uko kwenye gemu inayotangaza kwamba kila uamuzi wako utaigeuza hadithi, halafu haibadiliki hata sentensi moja. Ukimtukana mzee wa watu, na ukurasa wa pili akakuchangamkia sawasawa na aliyemwamkia shikamoo, una haki ya kukasirika. Gemu haikusikia ulichosema.

Ninaandika hadithi kwa Twine, programu ya kutengenezea gemu za hadithi. Bi harusi anakwenda kwa mavyaa yake mara ya kwanza, na chaguo la mwanzo ni leso ya rangi gani ajifunge. Rafiki yangu anasema nilifute, ni pambo tu. (Msomaji, Mtopanga)

Usilifute, dada. Badilisha unachouliza. Rangi haitamwambia mavyaa kitu, lakini leso ina jina lake. Mpe mchezaji leso mbili: moja imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati", nyingine "Hasidi hana sababu". Hapo kila anayeijua leso atasita kidogo kabla ya kugonga skrini, na kule kusita ndiko unakokutafuta.

Kisha gemu ikumbuke. Twine, aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009 na ambayo bado ni ya bure, inakuruhusu kulihifadhi chaguo kwa jina, tuseme "leso", na baadaye ukaiuliza: kama leso ni ile ya hasidi, onyesha maneno haya, kama siyo, onyesha yale. Mchezaji aliyevaa ya hasidi asome hivi: mavyaa anaweka sinia la mahamri, macho yanashuka kwenye pindo la leso na yanakaa hapo. "Karibu, mwanangu," anasema, na mbaazi hakupakulii. Aliyevaa ile nyingine apakuliwe mbaazi mpaka azuie kwa mkono. Sentensi chache tu zimebadilika, wote wawili wangali wamekaa kwenye mkeka ule ule, lakini kila mmoja ameshajua amepokelewaje. Kurasa tatu mbele, wifi akiuliza, "Yule hasidi ulimpata?", mchezaji ataacha kugonga ovyo. Atasoma.

Rangi nayo unaweza kuiweka ukipenda. Mtu akimpamba mhusika kwa mkono wake humhesabu wake, na hiyo ni faida. Ila usiiweke mahali ambapo msomaji anangojea jambo zito.

Milango miwili, kulia na kushoto, mmoja una kifo. Si hilo ndilo chaguo lenye uzito kuliko yote? (Msomaji, Bamburi)

Hapana. Matokeo ni makubwa, lakini mchezaji hana analolijua, kwa hiyo anabahatisha. Weka harufu ya moshi mlango mmoja na kandambili za mtoto kwenye mwingine. Sasa ana la kuamua.

Mimi ni mwalimu. Chaguo lisilogeuza chochote kwenye hadithi laweza kuwa na thamani? (Msomaji, Changamwe)

Laweza, tena sana. Depression Quest ya mwaka 2013 inakuonyesha machaguo ambayo huwezi kuyachagua: yamepigwa mstari. Unaliona jambo la busara la kufanya, umelisoma, na mhusika mwenye sonona hana nguvu ya kulifanya. Sijaona maelezo ya ugonjwa huo yanayofika haraka namna hiyo.

Darasani jaribu hili. Simu imekuja kutoka Lamu, babu amefariki. Unalia, unanyamaza, au unaanza kupanga nauli? Mazishi ni yale yale, lakini wanafunzi watabishana kuhusu mhusika kana kwamba wanamjua.

Mwanangu ana gemu ambayo jibu zuri lina alama ya almasi, na almasi zinauzwa. (Mzazi, Likoni)

Hilo linaniudhi. Jibu la bure limeandikwa makusudi limwaibishe mhusika, ili mtoto alipie heshima yake. Funga manunuzi kwenye simu kwa nywila leo hii. Akipenda gemu za hadithi, mtafutie za kulipa mara moja tu, kama 80 Days ya inkle, ya 2014. Humo unachagua safari mji hadi mji, na siku, fedha na mizigo vyote vinahesabiwa kweli. Kiingereza chake kina uzito, kwa hiyo kaa naye.

Gemu nzuri iwe na miisho mingapi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Idadi haisemi mengi. Aisle ya Sam Barlow, ya 1999, inakupa tendo moja tu, uliandike mwenyewe, na hadithi inakwisha papo hapo. Miisho yake inapita mia. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeamua kufanya jambo moja hilo. Kwa anayeanza, mitatu inatosha, na ule wa kushindwa uandike kwa uangalifu ule ule, maana wengi wataufikia kwanza.